Panya Waliokula Akili za Nyuma

Mpaka nilipoota meno yote ya ukubwa, nilikuwa ninajua kama panya anakula akili. Sisemi nilidhani. Nilijua, vile mtu anavyojua jina lake. Kaka yangu Paluku ndiye aliyenifundisha, na Paluku alinizidi miaka minne, donc kwangu alikuwa profesa. Akili za mtu, alisema, zinakaa ndani ya masikio, kule nyuma kabisa, nzito na tamu kama asali. Watu wakilala panya anapanda kitandani, anakupulizia kwanza ili usishtuke, kisha analamba. Anachukua muda wake. Akishiba anajipangusa ndevu, anashuka, na asubuhi unaamka na masikio yako mawili, mazuri, hayana hata alama, lakini ndani hakuna kitu. Na kama nilitaka ushahidi, Paluku alisema, niangalie tu pale jikoni. Pale jikoni alikuwa amekaa binamu yetu Kavugho, anamenya viazi.

Haya yote yalinirudia tulipomzika Baba. Siku ya tatu ya matanga tulifungua depo yake ili tupate mahali pa kuweka viti vya wageni, na kwenye pembe, nyuma ya mabati ya zamani, tulikuta gunia la magome ya kinkina, ule mti ambao kinini, dawa ya malaria, inatoka ndani yake. Gunia lilikuwa zima. Panya walikuwa wamekula mahindi, sabuni, kitabu cha nyimbo za kanisa na nusu ya kiatu, lakini kinkina hawakuigusa. Nilipofungua mdomo wa gunia harufu ikanipiga: udongo mkavu, msumari wenye kutu, na ule uchungu ambao ulimi unaujua kabla ya pua.

Mimi ni mtu wa kucheka. Wote waliosoma na mimi masomo ya jioni wanajua. Nilikaa dawati moja na muuza nyama na baba wa watoto saba, na siku ya diploma nilicheka mpaka mpiga picha akakasirika. Kwenye ile picha sina uso, nina meno tu. Mbele ya gunia la Baba pia nilicheka, maana huo ndio ugonjwa wangu. Lakini kicheko kilitoka kimekauka, na nikakaa chini juu ya debe.

Ninyi mliokulia Butembo wakati wangu mnakumbuka: mgeni akiingia nyumbani hakuuliza mtoto anasoma mwaka wa ngapi. Aliuliza kama ana akili. Na akili zilikuwa na alama zake, kila mtu alizijua. Mtoto mwenye akili anaitika mara ya kwanza. Haulizi neno mara mbili. Hasemi kwa nguvu mbele ya wakubwa, na haangalii mkubwa kinywani wakati anasema. Anaangalia chini, kwenye vidole vya miguu yake. Baba yangu alikuwa mchunguzi mkuu wa mambo hayo. Kila jioni, baada ya rozari, aliingia chumbani, akafunga mlango, na kutoka kule ndani akaita jina moja, polepole, kama mtu anayekohoa. Mwenye jina alipaswa kuwa mlangoni kabla Baba hajavuta pumzi ya pili. Mimi nilikuwa bingwa wa mji mzima. Nilikuwa ninafika kabla jina halijaisha. Mara nyingine nilifika hata kama ameita Paluku. Baba alikuwa ananishika kichwa kwa ule mkono wake, mpana kama mlango wa kanisa, na kusema: "Huyu Kambale, akili zake zinakimbia mbele yake."

Kavugho alikuwa binti wa tantine, dada ya Baba, ambaye alikuwa anauza maharagi kwenye soko la Kanyabayonga. Tantine alimleta kwetu ili asome. Alimwacha na sanduku la mbao, sare mbili, na maneno haya kwa Baba: huyu ni mmoja tu niliye naye, nataka asome mpaka aandike barua bila kuomba mtu. Alikuwa na miaka tisa, mimi saba. Na alikuwa na akili, mnisamehe, alikuwa nazo hata kunipita mimi. Alikuwa anaitika kwa sauti nyembamba, anakimbia bila kupiga kishindo, na alijua litania nzima ya watakatifu kwa kichwa, pamoja na wale ambao nadhani aliwaongeza yeye mwenyewe. Muhula wa kwanza alikuwa wa pili darasani. Jioni Baba alianza kumwita yeye zaidi kuliko mimi. Nilimchukia kwa moyo wangu wote, na ulikuwa moyo mdogo, donc ulijaa haraka.

Kisha homa ikamkamata. Alitetemeka mpaka kitanda kikasogea kutoka ukuta mmoja kwenda mwingine. Labda ninaongeza, mais kilisogea. Mama alitaka apelekwe kwenye kituo cha afya. Baba alicheka. Kwenye parseli yetu, uwanja wote wa nyumba, kulikuwa na magome ya kinkina yaliyoanikwa juu ya mashitu, yale maturubai ya plastiki, kutoka mlango mpaka choo, magunia yake yalikuwa yanapanda ndege kwenda kwa Wazungu kutengenezwa kinini, na yeye aende kupanga mstari apewe vidonge?

"Mutu analima dawa kwake, kiisha anaenda kuiuza na kuinunua tena," alimwambia Mama. "Huyo iko na akili?"

Jibu lilikuwa wazi. Watu wote tuliowajua waliolima kinkina walikuwa wanachemsha magome yao nyumbani. Baba alichagua magome mwenyewe, yale mekundu ya chini ya shina, yenye nguvu, akayachemsha kwenye sufuria ya sombe, ile ya kupikia majani ya muhogo, mpaka maji yakawa kama mafuta ya gari. Kikombe cha bati asubuhi, kingine saa sita, kingine jioni. Kavugho alitapika, Baba akampa kingine badala ya kile alichotapika. Dawa tamu, alisema, ni ya kudanganya watoto, na dawa yenyewe unaijua kwa uchungu: ikizidi uchungu, imezidi nguvu. Siku sita. Mimi nilitumwa kupeleka kikombe, na nilisimama mlangoni kuangalia uso wake anapomeza. Sitaficha: nilikuwa ninafurahi.

Homa ikatoka. Baba alizunguka majirani wote kuwaeleza. Kavugho akatoka nje, amekonda kama kamba, akakaa juani, akasema kwa sauti kubwa kama mtu anayeita ng'ambo ya mto: "Nani ameacha nyenze waingie nyumbani?"

Hakukuwa na nyenze. Alisema wanalia, hawanyamazi, wako ndani ya kichwa. Mama alimwekea mafuta ya mawese masikioni. Nyenze waliendelea. Tangu siku ile Kavugho akawa mtoto mwingine. Ulimwita mara ya kwanza, hakuna. Mara ya pili, hakuna. Ukimshika bega anaruka kama umemmwagia maji ya moto. Alianza kuangalia wakubwa kinywani, macho yamekazwa palepale kwenye midomo, adabu mbaya kuliko zote. Baba alimpiga kofi kwa ajili hiyo, Kavugho akaangalia chini vile alivyoambiwa, na akiangalia chini hakujibu kitu chochote, akapigwa la pili. Siku moja, kwenye meza, aliuliza: "Mbona munasema chinichini tu sasa? Munanificha nini?" Mtoto anawauliza wakubwa namna wanavyosema! Alilala bila kula.

Ndipo Paluku akanipa ile elimu ya panya. Niliogopa mpaka nikawa ninalala na masikio yamezibwa. Nilitoboa godoro, nikatoa pamba, nikatengeneza vidonge viwili vikubwa, nikavisukuma mpaka mwisho wa kidole. Asubuhi moja nilisahau kuvitoa. Mama aliniita nilete maji, aliniita tena, na mara ya tatu alikuja na mwiko. "Na wewe tena umekosa akili?" alisema. Nilimwona midomo inacheza. Niliona pia Kavugho ananiangalia kutoka jikoni, kwa huruma, kama mtu anayeona mwenzake. Nikatoa pamba, dunia ikarudi, jogoo, redio, mtoto wa jirani analia, na nikashukuru Mungu kama panya hawakunifikia. Hivyo ndivyo nilivyoelewa. Nilikuwa na pamba mkononi mwangu, na hivyo ndivyo nilivyoelewa.

Lakini sikuwa mpumbavu kabisa. Ningekuwa mpumbavu ingekuwa afadhali. Niligundua jambo. Ukisimama nyuma ya Kavugho na kumwita, hakuna mtu nyumbani. Ukija mbele yake, ukasema maneno yaleyale na sauti ileile, anajibu. Nilirudia mara nyingi, nyuma, mbele, nyuma, mbele, kama mtu anayejaribu taa. Haikukosa. Nikafikiri siku mbili na nikapata maana yake: panya walikuwa wamekula akili za nyuma, wakaacha za mbele. Labda jogoo aliwika wakakimbia kabla ya kumaliza. Hakuna kitu nilichogundua maishani, hata kwenye masomo ya jioni, kilichonipa furaha kama ile.

Nikafungua sinema. Watoto wa parseli za jirani walikuja kila siku baada ya shule, wakapanga mstari kwenye ukuta, na mimi nikasimama hatua mbili nyuma ya Kavugho anaposugua sufuria kwa majivu. Nilianza na vitu vidogo. Kavugho, wewe ni mbuzi. Kavugho, una mkia. Anasugua. Watoto wanajiziba vinywa. Kisha nikaongeza, kwa sababu watu wa sinema wanataka kila siku kitu kipya. Mwisho nilikuwa ninasema, kwa ile sauti ya kutangaza mazishi kanisani: "Kavugho, mama yako amekufa Kanyabayonga. Wamemuzika jana." Anasugua, na anaimba kidogo, wimbo umepinda. Watoto walianguka chini kwa kucheka. Nikazunguka, nikasimama mbele yake, nikamuuliza kama anataka muhogo, akacheka na kunyoosha mkono. Wakaanguka tena. Muhogo wenyewe sikuwa nao.

Katoto kamoja, ka miaka mitano hivi, kalilia. Nikakafukuza, eti kanaharibu sinema.

Nilimweleza Baba ugunduzi wangu. Nilimweleza vizuri, na panya wake, na nyuma na mbele, nikamwomba aje ajaribu mwenyewe. Baba alicheka mpaka akashika ukuta. Tangu siku ile wageni wakija aliniita nisimame katikati ya nyumba nieleze akili za nyuma na akili za mbele, na wageni wakacheka, watu wazima wenye magari, katekista, na muuguzi mmoja mstaafu, aliyecheka kuliko wote. Hakuna aliyeinuka kwenda jikoni kujaribu. Kavugho alipoleta chai aliwakuta wanacheka, akacheka pamoja nao. Alikuwa amejifunza hilo: watu wakicheka, cheka, wakinyamaza, nyamaza, usipojua wamesema nini, toa meno.

Shuleni ilikuwa vilevile. Alikuwa mrefu, donc alikaa nyuma. Kwenye imla alipata sifuri kavu. Kunakili kutoka ubaoni alikuwa wa kwanza, na mwalimu, mtu mwenye akili, akaona wazi kama anaiba kwa jirani. Alimfunga kibao cha aibu shingoni siku mbili. Tantine alipotuma mtu kuuliza habari za shule, Baba alimjibu kama tunavumilia.

Halafu likizo ikafika, na Baba akatupeleka Beni, kwa ubatizo wa mtoto wa rafiki yake katika komini ya Ruwenzori. Tulipanda juu ya lori, juu ya magunia, Baba, Mama, Paluku, Kavugho na mimi. Kavugho alipewa kubeba kuku wa zawadi. Njiani Baba alitupa somo. Mbele tutakuta bariyeri ya askari. Watu wote wanashuka, wanapita kwa miguu, lori linafuata. "Mbele ya basoda," alisema, "mutoto ya akili hapana kukimbia, hapana kusema, hapana kujifanya shujaa. Wakisema simama, unasimama sawa muti." Alikuwa amekaa mbele kabisa, mgongo kwetu, upepo unachukua maneno. Mimi nilisema ndiyo, Baba. Paluku pia. Kavugho alikuwa anamkuna kuku shingo.

Bariyeri ilikuwa mwanzi mmoja na askari watatu chini ya turubai. Watu walishuka, wakaanza kupita mstari mmoja. Kavugho alikuwa mbele yangu, hatua tano, kuku kifuani. Tulipokwisha kupita mwanzi, askari mmoja, kijana, macho mekundu, aliona kuku. "Yo! Telema!" akasema kwa Kilingala chake. Mimi nikasimama. Wote nyuma yangu wakasimama. Kavugho akaendelea kutembea.

"Wewe wa kuku! Simama!"

Anatembea. Anaimba kidogo.

Nilijua. Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize. Miguu yangu yote miwili ilijua kama nikikimbia hatua tano nikatokea mbele yake atasimama palepale, kama kila siku kwenye sinema. Hatua tano. Lakini mimi nilikuwa mtoto mwenye akili. Nikawa mti. Nilikuwa mti mzuri, hata matawi hayakutikisika, na nikatazama kwa pembe ya jicho kama Baba ananiona.

Askari akapiga risasi moja juu. Watu waliokuwa mbele wakalala mtaroni. Kuku ndiye aliyesikia: alipiga mabawa kifuani kwa Kavugho, akamkwaruza, na Kavugho akageuka kuona kilichomshtua. Akakuta watu wote wamesimama wanamwangalia, na askari anakuja na bunduki, midomo inacheza haraka kuliko angeweza kusoma. Akafanya alichokuwa amejifunza. Akatoa meno.

"Unanicheka?" askari akasema, na akampiga kinywani kwa kitako cha bunduki.

Baba alifika mbio, kofia mkononi, ameinama mpaka nusu. "Mumusamehe, chef. Huyu hapana akili. Nyumbani pia tunateseka naye." Askari alimwangalia Kavugho aliyekaa chini, damu inashuka kwenye sare ya shule aliyovaa kwa ajili ya ubatizo, akamwangalia kuku, akamchukua kuku. Kisha akacheka. Akatuambia tupite. Baba akashukuru. Alishukuru mara tatu.

Upande wa pili, tulipokuwa tunangoja lori, Baba alininunulia nyama ya mbuzi, kijiti kizima, kikubwa kama fimbo ya askofu. "Kula," alisema mbele ya watu. "Muone hii moja. Amesimama sawa muti." Kavugho alikaa karibu yangu, Mama amemshikia kitambaa kinywani, meno mawili ya mbele yalikuwa ndani ya kitambaa kile. Nilikula nyama yote, na nikalamba kijiti.

Hakurudi shuleni. Baba alimpeleka Kasugho, kwa jamaa waliokuwa na mashamba kule pembeni mwa msitu. "Jembe hapana kuuliza mutu kama iko na akili," alisema. Tantine alikuja kutoka Kanyabayonga kulia, akaelezwa, akaelewa, maana hata yeye alikuwa mtu mwenye akili, akaondoka na sanduku la mbao. Sare ya pili Mama aliikata, akanitengenezea kaptula. Niliivaa mwaka mzima.

Sikumwona tena mpaka matanga ya Baba. Siku ileile ya gunia, saa za mchana, niliporudi kwenye turubai, alikuwa amefika kutoka Kasugho na binti yake wa miaka minane hivi. Ana mwili sasa, ana kitambaa kizuri, pengo lake liko palepale. Nilimwangalia yule binti. Kila mara alipotaka kusema kitu alimgusa mama yake mkono kwanza, akangoja uso ugeuke, kisha ndipo akasema. Hakuna mtu aliyekuwa anamwamuru. Alifanya bila kufikiri, vile mtoto anavyofunga mlango.

Mimi, mnanijua, kwenye matanga ndiye ninayechekesha watu. Walikuwa wananiomba, nikawapa habari za utoto, nikawapa panya, asali, pamba ya godoro, akili za nyuma na za mbele. Turubai lilitikisika. Kisha, kwa kuwa kila mtu alikuwa anacheka na yeye hakuwa anacheka, nilivuta kiti nikakaa mbele ya Kavugho, mbele kabisa, na nikamwelezea tena polepole, kwa heshima, tucheke wote. Aliniangalia kinywani mpaka nikamaliza. Hakutoa meno.

"Kambale," alisema, kwa ile sauti yake ya ng'ambo ya mto, "panya hapana. Ile kinini ya baba yako njo iliua masikio yangu. Muganga moja wa Kasugho alinipima. Alisimama nyuma yangu, akaita jina. Kiisha akakuja mbele, akaita tena. Basi, akajua. Ni vile tu wewe ulikuwa unafanya kila siku."